Mawe Yaliyopakwa Chokaa

Doha, Fereej Bin Mahmoud
11 Oktoba 2024

Baba mpendwa,

Zipokee salamu zangu ukiwa umeketi, maana najua goti la kushoto halipendi baridi ya mwezi huu. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo bado unatembea polepole. Miezi minne imepita tangu tumpoteze Mama, na bado simu ya Athanas ikiita nadhani ni yeye ameiazima aniambie nisilale na nywele mbichi. Mpe Athanas shukrani zangu kwa kupiga picha barua zako na kunitumia, na kwa kukuletea simu yake usome zangu. Tangu masikio yako yagome kusikia kwenye simu, jirani huyu ndiye posta yetu.

Nimeacha kazi ya hoteli. Yule Bi Harriet aliyekuandikia akimtafuta binti wa Philipo amekamilisha uhamisho wangu. Anafundisha chuo kikuu hapa Doha. Mama yake alipofariki Uingereza mwaka jana, alimchukua baba yake akamleta huku, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwangalia. Baba, huyo mzee ndiye Bwana Carswick wako. Lodi Carswick, yule wa picha iliyo ukutani kwetu, mwenye joho jekundu na kola ya manyoya meupe. Ana miaka tisini na minne. Joho halipo. Anavaa sweta lililotoboka viwiko na hataki livuliwe hata kufuliwa.

Akili yake huja na kwenda. Kiingereza kinampotea, lakini Kiswahili chenu cha shambani kimebaki. Siku ya kwanza alinitazama sana, akasema, "Wewe mtoto ya nani?"

"Ya Philipo, Bwana. Mpishi wako."

"Philipo iko wapi?"

"Yuko nyumbani Molo."

"Mkate naungua?"

Nikacheka. Naye akacheka, kisha akainua kichwa kama mtu aliyesikia mlango. "Philipo napaka chokaa bado? Ile mawe?"

Nikafikiria yale mawe ya kaburi la Kaka nyuma ya nyumba yetu, ambayo unayapaka kila Krismasi. Nikamwambia ndiyo, anapaka kila mwaka. Alinishika mkono akasema, "Muzuri," na machozi yakamtoka.

Jioni Bi Harriet akanieleza. Baba yake ana ombi moja tu lililobaki: azikwe Molo, kando ya mtoto wake Tobi aliyefariki huko. Bi Harriet mwenyewe alizaliwa baada ya wazazi wake kurudi Uingereza, hakuwahi kumwona huyo kaka. Ameshaanza kuulizia vibali kwa wakili Nairobi.

Baba, nimekulia hapo miaka yote na sijawahi kusikia habari za Tobi. Kaburi lake liko wapi?

Ni mimi binti yako,
Nyanchama


Molo
2 Novemba 2024

Mwanangu Nyanchama,

Nashukuru kujua kwamba unakula na kulala. Mimi niko. Goti ni lile lile. Kuku wa mama yako wamebaki wanne, na yule mwekundu bado huja mlangoni saa ya chai kumtafuta. Nampa mimi makombo, lakini ananiangalia kama mgeni.

Kwa hiyo Bwana yuko mikononi mwako. Dunia hii. Ngoja nikuambie nilivyomjua, ili ukimhudumia ujue ni nani.

Alikuja Molo akiwa kijana, shamba alipewa na mjomba wake. Nilipoanza kazi jikoni kwake alikuwa na ekari elfu mbili, kondoo, pareto na shayiri. Mtu mwenye ardhi ile yote alivaa sweta la viwiko vilivyotoboka. Mama yako, akiwa bado mchumba wangu, alidhani ni fundi wa trekta akamwagiza amletee maji. Akaleta. Kengele ya kazi, kile kipande cha reli, aligonga mwenyewe kila asubuhi saa kumi na mbili, hakuwahi kumwachia mtu. Alikuwa mkali. Alimfukuza Mzee Ondieki kwa kuacha lango wazi mara moja tu, mtu mwenye watoto saba, na mshahara wetu ulikuwa mdogo hata kwa siku zile. Sitaki ufikiri namsifu bure. Lakini mtu akiugua alikuja mwenyewe kambini na taa na dawa.

Mwaka 1974 kaka yake mkubwa alikufa huko Uingereza na mashamba ya baba yao yakamwangukia yeye. Akauza hili, akaenda. Aliniandikia kila mwaka, nami nikamjibu. Alisimama uchaguzi akashindwa, akasimama tena akaingia bungeni. Alikaa huko miaka mingi. Baadaye wakampa cheo cha Lodi, akanitumia ile picha. Athanas alipoiona aliniuliza kama ni askofu au ni mzee wa Krismasi. Bwana aliniandikia kwamba kwenye baraza la Malodi wazee husinzia kwenye viti vyekundu na hakuna anayewaamsha, na kwamba siku moja aliota kengele yake ya Molo akaruka, wenzake wakadhani anataka kuhutubia.

Mpikie uji wa wimbi, usiweke sukari nyingi. Mkate wake anaupenda pembeni pakiwa pagumu.

Hayo mengine nitakuandikia.

Baba yako,
Philipo


Doha
19 Novemba 2024

Baba mpendwa,

Nimefurahi kusikia kuku mwekundu bado yupo. Usimchinje, hata akikudharau.

Uji wa wimbi nimempikia. Unga nimeupata kwa duka moja la Wakenya huko Al Mansoura, nilienda na Proscovia, yule rafiki yangu Mganda tunayesali naye kanisani kila Ijumaa. Ananitania kila mara. "Wewe unalea Lodi, mimi nalea paka wawili wa Madam. Paka wangu hawalii wakiona uji." Ni kweli Baba, alilia. Alikunywa bakuli lote akaniita Jerusha. Sikumsahihisha. Nilitaka kusikia jina la Mama likiitwa na mtu mwingine.

Ila lipo jambo. Bi Harriet amenipa bati la biskuti lenye barua zako. Zote, Baba. Arobaini na tisa. Kwa kuwa ziko kwa Kiswahili hakuwahi kujua zinasema nini, na sasa ananiomba nimtafsirie, kidogo kidogo, akirudi kazini. Mwandiko wako wa 1975 ni mzuri kuliko wangu wa leo.

Kila barua, kabla ya kusaini, unaandika maneno yale yale: "Mtoto analala vizuri chini ya saiprasi zake, mawe nimepaka chokaa." Ya 1975 inasema hivyo. Ya 1990 inasema hivyo. Hata ya mwaka jana.

Baba, saiprasi ziko wapi? Bi Harriet anasema ni pale kilimani. Kilima kile ninachokijua mimi ni cha Mwangi, na pale ni viazi. Ni viazi tangu nikiwa darasa la kwanza. Tulikuwa tunaokota masalio pale baada ya kuvuna. Hakuna mti hata mmoja.

Bi Harriet anataka wakili atume mtu mwezi wa pili apige picha za mahali. Sijamwambia kitu. Nimemtafsiria kama ulivyoandika. Lakini kila nikisema "chini ya saiprasi" naona viazi.

Niambie ukweli, tafadhali.

Binti yako,
Nyanchama


Doha
16 Desemba 2024

Baba,

U mzima? Athanas ananiambia u mzima, unakula, unaenda kanisani, na kwamba umechukua daftari dukani kwake mara mbili. Kwa hiyo unaandika. Kwa hiyo ni mimi unayeshindwa kunitumia.

Sikukasirikii. Hii ni Krismasi ya kwanza bila Mama na ningependa tuipite tukiwa tunazungumza. Bwana amedhoofika. Mchana nikimfungulia dirisha husikiliza magari ya barabarani na kuuliza kama ni mvua inakuja kutoka upande wa Mau. Huku haijanyesha tangu nije.

Anauliza kuhusu mawe kila siku.

Nyanchama


Molo
8 Januari 2025

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Nisamehe kimya. Nimeandika barua hii mara tatu, na mara zote mbili za kwanza nimewashia moto wa chai.

Tobi alikuwa na miaka minne. Alipenda kukaa jikoni kwangu juu ya gunia la unga, akawa mweupe mara mbili. Mwezi wa tano mwaka 1970 akashikwa na homa ya uti wa mgongo. Mvua ilikuwa kubwa, Landrova ikazama kwenye tope kabla ya daraja. Bwana alikuwa ameumia bega akiisukuma, kwa hiyo nikambeba mimi mtoto, mkono wangu wa kushoto chini yake wote, kichwa begani, magoti kwenye kiganja. Bwana akatembea nyuma akinifunika mimi na mtoto kwa koti lake. Tobi alikata roho kabla hatujafika relini. Nilijua. Sikusema. Niliendelea kutembea kama ninayebeba mtoto mzima hadi mlango wa hospitali, kwa sababu sikujua kumwambia baba yake kwenye tope lile. Kengele haikugongwa wiki nzima. Ng'ombe walikamuliwa wakiwa wanalia.

Walimzika kilimani, wakapanda saiprasi sita. Bwana alipoondoka, kitu cha mwisho alichoniambia si habari ya nyumba wala kondoo. Alisema, "Philipo, wewe angalia Tobi." Nikasema ndiyo.

Mwaka 1981 ushirika ulipogawa shamba, sisi tulipata hapa tulipo, na kilima kikamwangukia Mwangi. Mwangi si mtu mbaya. Alikuwa na watoto sita na ekari mbili na nusu. Aliniambia, "Philipo, nang'oa miti, nalima Jumatatu ijayo. Huyu mtoto ni wa nani? Kama ni wako, mchukue."

Nilienda kwa mama yako nikamweleza. Alifungua sanduku akatoa blanketi ya bluu, ile tuliyopewa siku ya harusi na ambayo hatukuwahi kuilalia. Jumapili baada ya ibada tukaenda sisi wawili na jembe. Jeneza lilikuwa limekwisha. Kilichobaki kilikuwa chepesi, nikakibeba kwa mkono ule ule. Mama yako alitembea nyuma.

Tulimlaza nyuma ya nyumba yetu. Lile jiwe lenye jina lake tukalizika naye, jina likitazama chini, kwa maana niliogopa. Kufukua mtoto wa mzungu, tena wa mtu wa bunge, bila karatasi ya serikali. Niliona jela. Nikasema nitamwandikia Bwana mwaka ujao. Mwaka ujao nikasema ujao. Kuandika "chini ya saiprasi" kulikuwa rahisi kwa sababu mkono ulikuwa umezoea.

Sasa unajua. Yule uliyekuwa unamsalimia ukitoka shule ni Tobi. Ulipouliza ukiwa mdogo ni nani amelala pale, mimi nilikuwa natafuta la kusema, mama yako akanitangulia. "Ni kaka yako," akasema. Usimhesabie uongo. Tulikuwa tumeoana miaka kumi na miwili bila mtoto. Tulimleta Tobi mwezi wa nane 1981, na wewe ukazaliwa 1983. Mama yako alisema yeye ndiye aliyekufungulia njia. Alimwombea kwa jina kila siku. Mwaka ule wa vita tulipokimbilia kambi ya wakimbizi, tuliporudi nyumba ilikuwa majivu, na yeye alipita majivu moja kwa moja kwenda kuangalia mawe.

Ndiyo maana alisema azikwe pale pale, upande wake wa kulia. Nilimlaza kama alivyotaka.

Msomee Bwana barua hii. Mimi sina uso wa kumwandikia.

Baba yako,
Philipo


Doha
27 Januari 2025

Baba,

Salamu. Nimekaa na barua yako wiki moja kabla ya kumsomea mtu yeyote.

Sijui nikuambie nini kuhusu mimi. Nilipofeli darasa la nane nilienda nikakaa kando ya yale mawe nikamwambia Kaka kabla ya kuwaambia ninyi. Nilipopata tikiti ya kuja huku niliagana naye. Proscovia ameniuliza, "Sasa amekuwa si kaka yako?" Nikamwambia aendelee kulea paka.

Jana Bwana aliamka akiwa safi. Kuna siku kama hizo. Alijua yuko Doha, alijua mke wake amefariki, aliuliza nani ameshinda kiti chake cha zamani bungeni. Nikafunga mlango nikamsomea yote, polepole. Nilipofika pale relini nilitaka kuruka. Akasema, "Soma." Nikasoma.

Chai yake ikapoa. Kisha akasema, "Mimi najua. Ile siku. Mimi naona mkono yake naanguka. Mimi pia sikusema Philipo."

Baba, alijua. Wote wawili mlitembea mkijua.

Nikaendelea mpaka kwenye blanketi. Akaniuliza, "Rangi gani?" Nikasema bluu. Akauliza, "Na sasa Jerusha iko karibu yake?" Nikasema yuko kando yake, upande wa kulia. Akapumua kama mtu aliyetua mzigo. "Basi. Tobi iko na watu. Wacha yeye. Mimi nakwenda kwa baba yangu kule Ulaya, haidhuru. Wacha yeye na Jerusha."

Nimekuandikia maneno yake kama alivyoyatamka. Hakukasirika, Baba. Hata kidogo.

Binti yako,
Nyanchama


Doha
20 Machi 2025

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa na umekula.

Bwana Carswick amefariki Jumatatu, saa nne asubuhi. Nilikuwa namnywesha uji. Alifunga mdomo kama anayesema imetosha, na ikawa imetosha. Nilimfumba macho mimi. Nilimvalisha lile sweta, Bi Harriet akaniruhusu.

Magazeti ya kwao yameandika ukurasa mzima. Bi Harriet alinionyesha. Kuna shamba la mababu zake lenye miaka mia tatu, kuna kamati alizoongoza, kuna sheria ya mito aliyoipigania, kuna siku aliyopewa ulodi na jina la kijiji alilochagua kuliweka kwenye cheo chake. Molo haimo. Wameandika kwamba alipokuwa kijana "aliishi kwa muda Afrika". Kwamba ameacha binti mmoja. Nilitafuta Tobi mistari yote.

Sasa nisikilize. Kabla hajafa nilimweleza Bi Harriet habari yote, kwa kuwa yule mtu wa wakili angekuja akute viazi. Alilia sana. Alikushukuru. Lakini sasa anasema baba yake atazikwa kwenye kanisa la familia, mahali wazee wote wa ukoo walipolala, na anataka Tobi aletwe alazwe naye. Nilimwambia baba yake alisema aachwe. Nilimtafsiria neno kwa neno. Aliniambia kwa upole, "Nyanchama, baba hakujua hata mwaka. Siku mbili kabla ya hapo alikuuliza mvua ya Mau." Nikasema siku hiyo alijua. Akasema, "Mama yangu alikufa akimlilia. Nataka wawe watatu." Nitabishana vipi na hilo?

Baba, wakili ameniambia mwenyewe kwamba kaburi liko kwenye ardhi yako. Bila sahihi yako hawawezi kugusa jiwe. Kataa ukitaka. Mimi nitasimama na wewe, hata kama Bi Harriet atanifuta kwenye simu yake.

Binti yako,
Nyanchama


Molo
14 Mei 2025

Mwanangu Nyanchama,

Salamu za upendo. Pole kwa kumfumba Bwana macho. Ni kazi ya mtoto, na umeifanya.

Nimetia sahihi.

Najua utauliza kwa nini. Nilikaa na ile karatasi siku tisa. Niliwaza haya: mwaka 1981 mimi nilimhamisha Tobi bila kumwuliza baba yake. Hawa wamenikalisha kwenye kiti, wakaniuliza, wakangoja. Wamenishinda adabu. Na yule mama yake, Memsahib, ambaye hukumwona, alikuwa akija jikoni baada ya msiba kukaa juu ya lile gunia la unga, na mimi nilikuwa napika kimya. Niliwezaje kumnyima?

Walikuja Alhamisi iliyopita. Afisa wa afya, wakili, na vijana wawili wenye glavu. Bi Harriet alikuja pia. Ana kidevu cha Bwana. Alipiga magoti kwenye udongo na viatu vyake vizuri, akagusa kwanza mawe ya mama yako, kisha yale mengine. Hilo nimelihifadhi.

Blanketi imebaki vipande. Nimeomba kipande kimoja, wamenipa. Jiwe walilisafisha, jina likasomeka, TOBIAS, baada ya miaka arobaini na minne kifudifudi. Wakamweka kwenye kisanduku kizuri cha mbao. Nikauliza kama naweza kukibeba mpaka kwenye gari. Afisa akasema si utaratibu. Bi Harriet akasema neno kwake kwa Kiingereza, naye akatazama upande mwingine. Nikabeba. Ni hatua thelathini na nne kutoka pale mpaka langoni.

Gari limeenda. Shimo limebaki kando ya mama yako.

Unajua desturi ya kwetu. Kaburi likishatolewa mtu haliachwi tupu, linalazwa mgomba badala yake, lisije likaita mwingine. Hapa Molo baridi hairuhusu ndizi, kwa hiyo Athanas alikwenda Keroka akaleta shina la mgomba juu ya lori la kabichi. Alikuja nalo begani akitweta, "Mzee, tulaze hii tumalize." Nikamwambia alirudishe. Akaliegemeza kwenye ghala, akaniambia, "Wewe mzee, unajua unachokifanya?"

Najua. Hakuna kijana nyumba hii. Nina miaka sabini na tisa. Wacha liite.

Baba yako,
Philipo


Doha, Al Mansoura
17 Mei 2025

Baba,

Leo sina salamu ndefu. Nimehama kwa Bi Harriet, nimepata kazi ya kufua kwenye hoteli, nalala chumba kimoja na Proscovia. Likizo yangu ni Desemba. Nimeomba mapema wakakataa.

Baba, Mama alizikwa siku tatu baada ya kufa na mimi nikiwa hapa nangoja muhuri wa kuruhusiwa kutoka. Niliona mazishi yake kwenye simu ya Athanas, picha ikikatika kila mara, na nilichoona sana ni miguu ya watu. Usinifanye niangalie yako hivyo.

Umesema hakuna kijana nyumba hii. Kuna mimi. Mnaniita mtoto aliyefunguliwa njia. Basi nifungulieni niikute nyumba ina mtu.

Bwana alisema, "Wacha yeye na Jerusha." Nadhani alikuwa anasema na wewe pia. Kwamba Mama asiachwe na shimo wazi ubavuni.

Athanas anasema shina bado liko kwenye ghala na halijakauka. Laza mgomba, Baba. Usinijibu mengine.

Nyanchama wako


Molo
25 Mei 2025

Mwanangu,

Nimepata barua yako. Niliisoma mbele ya ghala, Athanas akiwa ameshika simu na kujifanya anaangalia mawingu.

Tumelaza jana, Jumamosi, baada ya mvua. Shina lilikuwa refu mno, la mtu mzima. Athanas akauliza tulikate kiasi gani, akatafuta kamba ya kupimia. Nikamwambia haina haja. Nikaunyosha mkono wangu wa kushoto juu yake, kichwa begani, magoti kwenye kiganja, nikamwonyesha mahali pa kukata. Mkono haujasahau.

Nililifunga kwa kile kipande cha blanketi, nikalilaza mwenyewe, Athanas akinishika kiuno nisianguke. Mawe nimeyarudisha yote. Chokaa nitapaka Desemba ukifika, kwa sababu goti halitaniruhusu kuinama bila mtu.

Mtoto wa jirani alipita akauliza ni nani amelala pale. Nilikuwa natafuta la kusema, kama siku zile, na safari hii hakukuwa na wa kunitangulia. Nikamwambia ni kaka yake Nyanchama.

Nakungoja.

Baba yako,
Philipo